Kelele Ina Mahali Inapozaliwa: Hotuba kwa Wapigaji wa Gitaa na Mafundi wa Amplifaya za Valvu

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wapigaji wa gitaa, mafundi wenzangu na wageni wote mliofika:

Nimeombwa nizungumzie amplifaya za gitaa za valvu (vile vichupa vya kioo vinavyokuza au kuongoza mkondo wa umeme) zilizoundwa kwa mtindo wa zamani, na hasa pale zinapoanza kutoa kelele ambazo hakuna mtu aliyezipiga. Ili nisitawanye maneno, nitashika chombo kimoja, nacho ni Fender Deluxe ya mzunguko (yaani mpangilio wa viungo vya umeme) unaojulikana kama 5E3, uliotengenezwa Marekani katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Mzunguko huo unanakiliwa hadi leo na viwanda vidogo pamoja na watu wanaojiundia nyumbani, kwa hiyo aliye na amplifaya ndogo ya valvu iliyofungwa waya kwa mkono, huenda anayo ya ukoo huu bila kujua.

Valvu zake ni tano tu. Ya kwanza, 12AY7, inapokea sauti ya gitaa kutoka njia zote mbili za kuingilia. Ya pili ni 12AX7, ambayo Ulaya inaitwa ECC83. Nusu yake moja inakuza sauti kwa mara nyingine, na nusu iliyobaki inaigawa sauti hiyo katika pande mbili zinazopingana. Kisha zinafuata 6V6 mbili zinazosukuma spika kwa zamu kupitia transfoma ya kutolea sauti, na mwisho 5Y3 ambayo ni rektifaya, yaani inayogeuza umeme wa AC (unaobadili mwelekeo) kuwa DC (unaoelekea upande mmoja). Leo Fender, mwanzilishi wa kampuni hiyo, alikuwa fundi redio aliyefungua duka lake mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na ukiitazama Deluxe kwa ndani unaiona kazi ya fundi redio, kiasi kwamba yeyote aliyewahi kufungua redio ya valvu ya sebuleni ataitambua kila hatua. Ndiyo maana siikubali kauli kwamba vyombo hivi havina mafundi hapa kwetu.

Ninalotaka kulitetea jioni hii ni kwamba kelele ina mahali inapozaliwa, na katika amplifaya ya aina hii mahali hapo panaweza kujulikana, mara nyingi kwa masikio tu, kabla pasi ya kulehemia haijapata moto. Desturi ya kubadilisha kapasita zote (viungo vinavyohifadhi umeme), kisha valvu zote, kisha resista zote (viungo vinavyozuia mkondo), huku fundi akiomba Mungu kati ya hatua moja na nyingine, inakula fedha ya mwenye chombo, na wakati mwingine inaongeza hitilafu ya pili juu ya ile ya kwanza, kwa kuwa kila kiungo kipya ni nafasi mpya ya lehemu mbovu.

Nianze na usalama, na hapa sitakimbia. Ndani ya Deluxe mna volti za DC zinazokaribia 400, nazo zinaweza kubaki kwenye kapasita za kuchujia, zile zinazolainisha umeme wa rektifaya, hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Chomoa plagi, subiri, kisha utoe umeme huo kwa resista ya omu 10,000 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, iliyofungwa vizuri ndani ya mpira wa kuzuia umeme, ncha yake moja ikiwa imebanwa kwenye chasisi, yaani sanduku la chuma linaloshika viungo, na ya pili ikiguswa kwenye upande chanya wa kila kapasita kwa sekunde kadhaa. Halafu upime kwa mita, na usianze kazi hadi isome chini ya volti 10. Kutia bisibisi kati ya kapasita na chasisi, kama wanavyofanya wengine ili wasikie mlio wake, kunaumiza kapasita na kunaweza kurusha chembe za chuma kilichoyeyuka usoni. Ukilazimika kupima chombo kikiwa kimewashwa, mkono mmoja ukae mfukoni. Chombo ambacho hujui kimepitia nini kiwashwe kwanza kupitia balbu ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo kwenye waya wa moto: ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti, ikiwaka kisha ikafifia, waweza kuendelea. Balbu yenyewe iwe ile ya kizamani yenye uzi unaowaka, maana ya LED haifai hata kidogo kwa kazi hii. Na kamwe usiwashe amplifaya ya valvu bila spika kuunganishwa, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti isiyo na mzigo inazalisha volti kubwa zinazoweza kuchoma koili zake.

Sasa tuanzie nje ya kasha, kwa kuwa sehemu kubwa ya kelele ninazoletewa hazimo ndani yake.

Amplifaya za Marekani za miaka hiyo zilitoka kiwandani na plagi ya meno mawili, bila ethi, yaani njia ya usalama ya umeme kwenda ardhini, na nyingi ziliwekewa kapasita ndogo inayounganisha upande mmoja wa umeme wa ukutani na chasisi ili kupunguza mvumo. Kapasita hiyo ikipata shoti, chasisi inaweza kuwa na umeme wa moto, na kwa kuwa nyuzi za gitaa zimeungana na chasisi, mwimbaji aliyeshika gitaa akigusa kwa midomo maikrofoni yenye ethi anakuwa yeye mwenyewe njia ya umeme. Iondolewe bila majadiliano, na chombo kifungwe waya wa nyuzi tatu ambao ethi yake imebanwa kwenye chasisi kwa boliti ya peke yake. Baada ya hapo tujitazame wenyewe. Soketi zetu ni za matundu matatu ya mraba, na mtu mwenye plagi ya meno mawili huchokonoa tundu la ethi kwa kijiti au kalamu ili matundu mengine yafunguke. Umeme anaupata, ethi haipati, kisha anashangaa kwa nini amplifaya inavuma na nyuzi zinamtekenya vidole. Wapo pia wanaokata ethi kwa makusudi ili kuondoa mvumo unaotokea gitaa moja linapounganishwa na amplifaya mbili. Mvumo huo unaletwa na ethi mbili zinazokutana kupitia waya wa gitaa, na unatulizwa kwa kuchomeka amplifaya zote mbili kwenye soketi moja, na ukigoma, kwa kuweka transfoma ya kutenganisha kwenye waya wa sauti.

Kuna suala la volti pia. Tanzania tunatumia volti 230 na Kenya 240, zote kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, ilhali Deluxe ya asili ilikusudiwa volti 117 na hezi 60. Transfoma ya kupunguza umeme inashusha volti lakini haigusi hezi, na chuma kilichopangiwa hezi 60 kikipewa volti zile zile kwa hezi 50 kinabeba usumaku zaidi kwa asilimia 20, kikapata joto na kuanza kunguruma chenyewe ndani ya kasha. Sogeza sikio: kama mngurumo unatoka kwenye transfoma na haumo kwenye spika, hakuna kapasita itakayoutibu. Ikiwa lebo inataja hezi 50 na 60 pamoja, hakuna taabu. Ikiwa inataja 60 peke yake, ipewe volti kiasi cha 110 badala ya 120, au, kwa maoni yangu bora zaidi, iwekewe transfoma mpya iliyotengenezwa kwa umeme wetu, na fyuzi nayo ipunguzwe kwa nusu, kwa kuwa volti zikiongezeka maradufu mkondo unaopita hapo unakuwa nusu. Jihadharini pia na zile transfoma za bei nafuu za kushushia umeme zenye soketi ya matundu mawili, kwani nyingi hazipitishi ethi. Inveta za bei ya chini, ambazo umeme wake haupandi na kushuka kwa ulaini, nazo zinaleta mkoromo ambao hauhusiani na amplifaya.

Haya yakiisha, tuingie katika kutafuta. Washa chombo, subiri valvu zipate moto, kisha uchomoe gitaa. Tundu la kuingilia limeundwa ili lisipokuwa na plagi lijifunge lenyewe kwenye ethi, kwa hiyo kelele ikikoma palepale, tafuta kwenye gitaa, waya wake au chumba ulichomo. Pikapu za gitaa (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja hunasa mvumo wa taa na chaja za simu, na mpigaji akigeuka taratibu huku ameshika gitaa atasikia mvumo ukipanda na kushuka kulingana na upande alioelekea. Mvumo ukizidi baada ya kuchomoa gitaa, angalia ile kontakti ndogo ya tundu, kwa sababu katika miji yetu ya pwani hewa yenye chumvi huipaka kutu kiasi kwamba haifungi tena. Kipande cha karatasi ngumu kilicholoweshwa spiriti, kikipitishwa kati ya vyuma vyake, mara nyingi kinamaliza kesi.

Kelele ikibaki, zungusha volyumu. Kelele inayopanda na kushuka pamoja na volyumu imezaliwa kabla yake, na ile isiyojali volyumu imezaliwa baada yake. Hatua inayofuata ni kuzima, kuacha valvu zipoe, kisha kuchomoa ile ya kwanza na kuwasha tena. Kelele ikinyamaza, imetoka kwenye hatua ya kwanza. Isiponyamaza, chomoa na ya pili. Zikibaki 6V6 na rektifaya peke yake na kelele bado ipo, hitilafu iko kwenye ugavi wa umeme au kwenye valvu za mwisho zenyewe. Uchunguzi huu hauhitaji hata mita, na unapunguza uwanja wa kutafuta kutoka chombo kizima hadi viungo vichache.

Nataka nikae zaidi kwenye mvumo, kwa sababu ndio unaoletwa na wengi, na kwa sababu mwanamuziki ana chombo cha kuupimia ambacho fundi mwingine hana. Piga uzi wa sita wa gitaa, ule mnene, kwenye freti ya tatu. Hiyo ni G, yenye hezi 98. Mvumo ukikaribia noti hiyo, ukiwa juu yake kidogo tu, ni wa hezi 100. Ukiwa oktava moja chini yake, ni wa hezi 50. Anayesoma maandishi ya Marekani atakuta wanataja 60 na 120, na sikio lake litampoteza asipojua kwamba hesabu hizo ni za umeme wa kule.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Rektifaya ya Deluxe hutumia pande zote mbili za wimbi la umeme, kwa hiyo mabaki yanayoponyoka kwenye kapasita za kuchujia huwa ya hezi 100. Kapasita hizo kwa asili ni tatu za mikrofaradi 16, zina maji ya kemikali ndani yake, na zinakauka kwa miaka hata chombo kikiwa kabatini. Zikichoka, mvumo wa hezi 100 unaingia, besi inalegea, na kunajitokeza kitu ambacho wapigaji wengi hukidhania ni gitaa lisilo na tyuni: noti ya kivuli. Ukipiga A ya hezi 440, mabaki ya 100 yanachanganyika nayo kwenye valvu za mwisho na kuzalisha 340 na 540, ambazo hazina uhusiano wowote na wimbo. Kapasita mpya zinaondoa hayo, ila fundi asipatwe na tamaa ya kutia ya mikrofaradi 100 mahali pa ya kwanza kwa kudhani kwamba kubwa ni bora, kwa sababu 5Y3 haikuumbwa kubeba mshindo wa kuijaza kila chombo kinapowashwa. Mvumo huo huo wa 100 unaweza pia kuletwa na 6V6 mbili zisizolingana, kwa kuwa mzunguko wa kusukuma kwa zamu hufuta mabaki hayo iwapo tu valvu zote mbili zinavuta mkondo sawa.

Mvumo wa hezi 50 una chanzo kingine, na aliyebadilisha kapasita za kuchujia kwa ajili yake amepoteza bidhaa. Huo hutoka kwenye nyuzi za kupashia valvu moto, zinazobeba volti 6.3 za AC, au kwenye valvu ambayo ndani yake kipashio kinavujisha umeme kuelekea kathodi, yaani sehemu inayotoa mkondo wa valvu. Anza kwa kubadilisha valvu ya kwanza. Kama mvumo unabaki, tazama nyuzi za kupashia: je, zimesokotwa pamoja kwa kubana, zikapita mbali na nyuzi za gridi, yaani sehemu ya valvu inayopokea sauti? Katika amplifaya nyingi ndogo za zama hizo upande mmoja wa nyuzi hizo ulifungwa tu kwenye chasisi ili kuokoa waya. Tengua kifungo hicho, kisha uweke resista mbili za omu 100, moja kutoka kila upande, zikutane kwenye ethi. Ukipenda kwenda mbele zaidi, makutano yake yafungwe kwenye kathodi za 6V6, ambako kuna kiasi cha volti 20, na mvumo unaovuja kutoka kwenye kipashio utapungua tena.

Kelele ya shhh nitaipitia kwa haraka. Kidogo yake ni haki ya chombo, hasa volyumu ikiwa juu. Ikizidi, na ikakoma ulipochomoa valvu ya kwanza, jaribu valvu nyingine kwanza, kisha resista za omu 100,000 zinazolisha anodi, yaani bamba la valvu linalopokea mkondo kutoka kathodi; zile za zamani za kaboni hutoa shhh kwa maumbile yake, na za utando wa chuma ni tulivu zaidi. Wapo wanaosema kwamba kaboni ndiyo inayoleta utamu wa sauti. Sitaki ugomvi nao, ila resista inayotatarika kama bisi kwenye sufuria haina utamu wowote, na hiyo itolewe. Gonga pia kila valvu taratibu kwa penseli: ikijibu kwa mlio ndani ya spika, imelegea kwa ndani, na haifai kukaa nafasi ya kwanza hata kama ni mpya.

Kutatarika kuna chanzo kingine ambacho kwenye hali ya hewa yetu ya pwani nimejifunza kukishuku mapema, nacho ni ubao wenyewe. Viungo vya Deluxe vimepangwa juu ya kibao cheusi cha nyuzinyuzi kilichopakwa nta, na kibao hicho kinafyonza unyevu mpaka kinaanza kupitisha umeme mahali pasipo na waya. Amplifaya moja iliyokuwa imekaa muda mrefu karibu na bahari ililetwa mezani kwangu ikiwa imeshabadilishwa valvu zote na kapasita zote, na bado ilitatarika kila mvua inapokaribia. Niliweka ncha nyeusi ya mita kwenye chasisi, nikaigusisha ile nyekundu kwenye ubao mtupu, katikati ya matundu mawili ambako hakuna kitu, na mita ikasoma volti za DC kwenye mahali palipopaswa kuwa pakavu kabisa. Ubao ulikaushwa kwa hewa ya moto ya kikaushio cha nywele, chombo kikiwa kimezimwa na kapasita zikiwa tupu, na waya wa gridi uliopita pale ukahamishwa ukaenda hewani bila kugusa ubao. Hakuna kiungo hata kimoja kilichonunuliwa.

Volyumu zinazokwaruza zinapozungushwa nazo zimelaumiwa kupita kiasi. Kuzipulizia dawa ni sawa, lakini zikikwaruza tena baada ya siku chache, pima volti za DC juu yake, kwa sababu kapasita ya kuunganisha hatua moja na nyingine inaweza kuwa inavujisha DC isiyotakiwa. Upande wa pili wa kapasita hiyo panapaswa kuwa karibu na sifuri. Kapasita kama hiyo ikivuja kuelekea gridi ya 6V6, mambo yanakuwa mazito, kwa maana valvu inavuta mkondo kupita kiasi na anodi yake inaanza kuwa nyekundu ndani ya kioo.

Ukiona wekundu huo, zima. Hesabu yake iko wazi. Kathodi za 6V6 zote mbili zinapitia resista moja ya omu 250, au 270 katika nakala nyingi za sasa. Mita ikisoma volti 20 juu ya omu 250, mkondo wote ni miliampea 80, yaani 40 kwa kila valvu. Ondoa 2 au 3 zinazokwenda kwenye skrini (gridi ya pili ya valvu), na kwa volti 330 kati ya anodi na kathodi kila valvu inabeba wati 12 na kidogo. Kikomo cha 6V6GT katika vitabu vya zamani ni wati 12, na vya baadaye 14, kwa hiyo chombo hiki kinaendeshwa ukingoni hata kikiwa kizima. Lakini kathodi ikisoma sifuri huku valvu zikiwa nyekundu, kapasita ya mikrofaradi 25 iliyo sambamba na resista hiyo imepata shoti. Ile ya asili ni ya volti 25 tu, na mimi huweka ya volti 50.

Mlio mkali wa filimbi unaojitokeza volyumu ikipanda mara nyingi ni waya wa gridi uliolala karibu na waya wa anodi ya hatua inayofuata. Usogeze kwa kijiti kikavu cha mti, chombo kikiwa kimewashwa, na utausikia ukibadilika. Ile pu-pu-pu ya taratibu isiyokoma hata bila gitaa inakurudisha kwenye kapasita za kuchujia, kwani hatua za mbele na za nyuma zinalishana kupitia ugavi uliodhoofika. Katika amplifaya kubwa zaidi, kama Fender Bassman na zile za Marshall zilizoiga mzunguko wake, sehemu ya sauti hurudishwa kutoka kwenye spika hadi hatua za awali. Yowe linaloanza mara tu baada ya kubadilisha transfoma ya kutolea sauti kwa kawaida linamaanisha kwamba nyuzi zake mbili za anodi zimepishana. Deluxe haina marejesho hayo, kwa hiyo msitafute huko.

Yako pia mambo yanayoletwa kama hitilafu ilhali si hitilafu. Katika 5E3 volyumu ya njia usiyoitumia inagusa sauti ya njia unayoitumia. Hivyo ndivyo ilivyofungwa, na wapo wapigaji wanaoitumia kama kitasa cha ziada cha kuchonga sauti. Kuvunjika kwa sauti volyumu inapofika katikati nako ni tabia ya chombo hicho, na mpigaji wa solo la benga anayetaka sauti safi hadi mwisho alihitaji amplifaya kubwa zaidi tangu mwanzo.

Kazi ikiisha, chombo kirudishwe ndani ya kasha na kipigwe kwa saa mbili au tatu kabla ya kumwita mwenyewe, kwa sababu ndani ya kasha joto linapanda kuliko mezani, na lehemu iliyopasuka kwenye soketi ya valvu huonyesha ubaya wake hapo tu. Kisha andika kwenye karatasi volti za kila anodi na kila kathodi, ubandike ndani ya kasha kwa ajili ya fundi atakayekuja baadaye, na juu yake kabisa uandike volti za soketi ya ukutani za siku hiyo, maana pasipo tarakimu hiyo zile nyingine hataweza kuzilinganisha na chochote.